Namba Mbili

Juu ya mteremko wa Newala, alfajiri ya Januari,
Somoe Mchopa anavua viatu.
Viatu vinadanganya, anasema,
unyayo ndio unaojua breki inataka nini.
Anavisukuma chini ya kiti, penye kadi ya kliniki ya mwanawe
na nusu mche wa sabuni.

Sabuni ni ya kioo.
Waipa ya kushoto ilitufia Nanyamba,
ya kulia inapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Nimesugua kioo kizima
mpaka matone yakakosa pa kushika.

Nyuma tuna mifuko mia mbili ya saruji.
Turubai lina matundu, nayajua kwa hesabu: tisa.
Kila tone linaloingia,
mfuko mmoja unaanza kuwaza ujiwe.
Bosi Fakihi amepiga simu mara tatu.
Ya tatu hakusalimu.
"Mpo wapi?"
"Tupo kwenye ukungu."
"Ukungu si mji," akasema, akakata.

Ukungu wa hapa haushuki, unapanda.
Unafuka kutoka bonde la Ruvuma kama uji uliosahauliwa motoni,
unameza mikorosho, unameza bango la kona,
kisha unaimeza kona yenyewe.
Lori la mchanga likatupita, honi mdomoni,
mgongoni limeandikwa HARAKA HAINA BARAKA.
Niliona wekundu wa taa zake. Kisha sikuuona.

"Dada, wenzetu wanaenda."
Akachukua ung'oko, akaumenya kwa meno.
"Hesabu nguzo za umeme.
Ukiona moja, lala.
Ukiona mbili, chemsha chai.
Ukiona tatu, niamshe."
Naye akalala kweli, akakoroma,
akaniachia mimi hasira zote.

Saa mbili na kitu, nguzo ya tatu ikajitokeza,
nyembamba, imelowa, kama mtu aliyechelewa shule.

Aliingiza namba mbili kileleni kabisa
na hakuitoa tena. Injini ikanguruma,
ikalibeba lori yenyewe, breki zikapumzika.
Mimi nilikuwa chini, gogo la mkorosho begani,
nikitembea ubavuni mwa tairi la nyuma,
tope jekundu mpaka magotini,
mvua ikiniingia kwenye kola na kutokea kwenye suruali.
Hiyo ndiyo kazi ya utingo ambayo hakuna aliyeniambia.

Kona ya tatu tairi liliteleza.
Si sana. Kama mtu anayebadili nia.
Nikangoja kusikia breki ikipiga kelele;
sikusikia kitu. Alilegeza mguu tu,
akageuza usukani kuufuata mtelezo
kama unavyomfuata mtoto anayekuvuta mkono,
nami nikatupa gogo, nikajitupa pembeni.
Lori likatulia. Likahema.

Mbele yetu mchanga. Mchanga mtupu, barabara nzima,
mwepesi, mkavu chini ya tabaka la juu,
na lile lori limelala mferejini, magurudumu hewani.
Dereva wake kakaa kwenye kichuguu
kashika mkono wake kama kitu alichookota.
Somoe hakumwambia neno.
Alimfunga mkono kwa kanga, akampa kiti changu,
kisha tukapita juu ya mchanga wake,
na matairi yetu, ya kipara,
yakapata kwa mara ya kwanza siku ile
kitu cha kuuma.

Mpaka leo sijui niseme asante kwa nani.

Masasi tulishusha mifuko mia moja na tisini na mmoja.
Tisa ilikuwa mawe.
Fakihi aliikata kwenye mishahara yetu, nusu kwa nusu,
Somoe akatia sahihi bila kusoma,
akauliza viatu vyake viko wapi.

Mfuko mmoja niliuomba.
Uko kwetu mlangoni, una mikunjo ya karatasi bado,
mama huukalia akibangua korosho.
Mgeni akiuliza ni jiwe gani lile,
namwambia ni nauli.